SOMO LA FIZIKI: MOTOKARI YA WAZI KATIKA MVUA



Kuna swali moja linalozunguka sana kati ya wanafunzi tangu mvua zilipoanza. Je, ni kweli kwamba mtu akiendesha motokari isiyo na kifuniko wakati wa mvua, na akienda mbio, hatalowa? Wengine wanasema huo ni uongo wa sinema. Wengine wanasema ni kweli kabisa, tena wanataka kuitumia hekima hiyo njiani. Wakipanda juu ya kamyo kutoka Tshangalele kwenda Likasi, na wingu jeusi likisimama juu ya ziwa, wanapiga mikono juu ya kabini na kulalamika: “Papa shofere, kanyaga! Tutalowa!”

Sisi wa darasa la mwisho tumeona vema kujibu mambo haya mawili pamoja. La kwanza ni la kufurahisha. La pili ni uzima wa watu. Vakansi ya Noeli inaanguka katikati ya mvua, na wengi wetu tutapanda kamyo kurudi nyumbani. Basi chukueni kalamu na karatasi, tufanye hesabu.

1. MOTOKARI YA WAZI NI NINI?

Ni motokari ya mtu binafsi ambayo kofia yake inaweza kukunjwa nyuma au kuondolewa. Wanaosema Kifaransa wanaiita dekapotabli. Kofia yake mara nyingi ni ya kitambaa kigumu juu ya vyuma vinavyokunjwa. Ukiifungua, hakuna kitu juu ya kichwa chako, ila mbele kunabaki kile kioo. Volkswagen ile ndogo ya mgongo wa mviringo, tunayoijua sana, ilikuwa na ndugu yake ya namna hii: ilitengenezwa Ujerumani na kiwanda cha Karmann tangu mwaka 1949 mpaka 1980. Leo watu wanaozitunza motokari hizo za zamani wanazipenda kama vile mtu anavyopenda ng'ombe wake.

Katika inchi yetu motokari ya wazi imeingia hata katika historia. Mwisho wa mwezi wa 6 mwaka 1960, Mfalme Baudouin wa Ubelgiji alipitishwa katika njia za Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akisimama ndani ya motokari iliyofunguliwa juu ili watu wamwone. Kijana mmoja, Ambroise Boimbo, alikaribia na kuuchukua upanga wa mfalme. Mjerumani Robert Lebeck alipiga picha, na dunia nzima ikaiona. Lakini mwezi wa 6 Kinshasa ni kiangazi. Hakuna aliyehitaji kufikiri juu ya mvua. Sisi tufikiri juu yake.

2. MVUA INAANGUKA KWA MBIO GANI?

Kitu kikianguka kutoka juu, mbio zake zinaongezeka. Kama hakungekuwa na hewa, tone linaloanguka kutoka meta 1 000 lingefika chini kwa mbio kupita kilometa 500 kwa saa. Mvua ingetutoboa kama risasi. Lakini hewa inalizuia tone. Kadiri tone linavyoongeza mbio, hewa nayo inaongeza kulizuia, mpaka nguvu hizo mbili zinalingana. Toka hapo tone linashuka kwa mbio zile zile bila kuongeza.

Kwa karibu, ni hivi:
– tone dogo la manyunyu (milimeta 0,5): meta 2 kwa sekunde;
– tone la mvua ya kawaida (milimeta 2): meta 6,5 kwa sekunde;
– tone kubwa la mvua ya radi (milimeta 5): meta 9 kwa sekunde.

Mnaona: hata lile kubwa halipiti kilometa 33 kwa saa. Ni kusema, motokari inaweza kwenda mbio kupita mvua. Huo ndio mlango wa somo letu.

3. MOTOKARI IKIENDA

Simama katika mvua isiyo na upepo: inakupiga kichwani. Kimbia: inakupiga usoni na kifuani. Je, mvua imebadilisha njia yake? Hapana. Wewe ndiwe uliyebadilika. Kwa mtu anayekwenda, mvua inaonekana kuja kutoka mbele, na kadiri anavyoongeza mbio, inaonekana kulala zaidi.

Jambo hili si dogo. James Bradley, mwenye elimu ya nyota wa Uingereza, aliona katika miaka ya 1720 kwamba nyota zinaonekana kusogea kidogo katika mwaka. Aliielewa sababu: dunia yetu inakimbia katika nuru ya nyota, kama mtu anavyokimbia katika mvua, na nuru inaonekana kuja kwa kuinama. Basi yule anayetazama namna mvua inavyompiga usoni anajifunza somo moja na mwenye elimu ya nyota.

Sasa tumweke shofere ndani ya motokari ya wazi. Mbele yake kuna kioo. Tone likipita juu kidogo ya ukingo wa kioo, je, litamwangukia kichwani, au litafika nyuma yake kabla ya kushuka?

4. HESABU

Tuseme kutoka ukingo wa juu wa kioo mpaka kichwa cha shofere kuna sentimeta 60. Tena tuseme kichwa chake kiko chini ya ukingo huo kwa sentimeta 10. Mvua ni ya kawaida, meta 6,5 kwa sekunde.

– Motokari ikienda kilometa 36 kwa saa (meta 10 kwa sekunde), wakati inapokwenda sentimeta 60 tone linashuka 60 × 6,5 ÷ 10 = sentimeta 39. Linampiga katika uso au shingo.
– Ikienda kilometa 72 kwa saa (meta 20 kwa sekunde), tone linashuka sentimeta 19,5. Linampiga katika paji la uso.
– Ikienda kilometa 108 kwa saa (meta 30 kwa sekunde), linashuka sentimeta 13. Bado linamgusa nywele!

Wale wanaosema ni uongo watafurahi sasa. Lakini wangoje kidogo. Hesabu yetu imesahau kitu kimoja.

5. KAZI YA UPEPO

Tumehesabu kana kwamba hewa imetulia. Haitulii. Motokari inaisukuma hewa, nayo hewa, haiwezi kupita katika kioo, inapanda na kuruka juu ya ukingo wake, kama maji ya mto yanavyopanda juu ya jiwe. Hewa hiyo inapanda kwa nguvu, na inabeba matone pamoja nayo. Matone madogo yanafuata hewa vizuri, kwani ni mepesi. Makubwa ni mazito, yanafuata kidogo tu. Lakini hata kuinuliwa kidogo kunatosha kuzijaza zile sentimeta chache zilizobaki katika hesabu yetu.

Basi jibu la swali la kwanza ni hili: NDIYO, ni kweli. Katika mvua ya kawaida, juu ya kaburimbo nzuri, motokari ya wazi ikienda mbio za kutosha, mvua inaruka juu ya wale wawili wanaokaa mbele. Mbio za kutosha ni ngapi? Inategemea urefu wa kioo, namna kilivyoinama, na urefu wa mtu mwenyewe. Kwa motokari nyingi iko kati ya kilometa 70 na 100 kwa saa.

Lakini ndiyo hii ina masharti yake. Tuyasome vizuri, kwani watu hupenda kusikia “ndiyo” na kuondoka kabla ya kusikia “lakini”.

6. MASHARTI

La kwanza: motokari isisimame. Ikifika mahali pa kupunguza, kwenye kona, kwenye watoto wanaovuka, kwenye mbuzi, mvua inaanguka wima ndani yake, juu ya vichwa, juu ya viti, na maji yanakusanyika chini ya miguu. Mvua ya dakika mbili inatosha kuharibu kazi ya nusu saa.

La pili: wa nyuma hawana bahati. Kule hewa iliyoruka juu ya kioo inashuka tena, na matone yanashuka nayo. Tena nyuma ya kioo hewa inazunguka na kurudi mbele, ikileta manyunyu katika shingo za wote. Shofere anasema “niko mkavu”, na wale waliokaa nyuma yake wanatetemeka. Mfano huu mtaukumbuka tutakapofika kwenye kamyo.

La tatu: mvua isiwe ya radi. Matone ya milimeta 5 ni mazito. Hewa haiwezi kuyainua sawasawa. Nasi hapa Haut-Katanga tunajua kwamba mvua zetu za mwezi wa 12 na wa 1 si manyunyu.

La ine: shofere aone njia. Kioo kikijaa maji, ni kile kijiti cha kupangusa tu kinachosaidia. Mwanamke mmoja wa Marekani, Mary Anderson, alipata haki ya ufundi huo mwaka 1903. Wakati ule alikipangusa kioo kwa kuvuta mkono ndani ya motokari. Mpaka leo motokari nyingi za zamani zina vijiti vifupi na dhaifu.

7. NA JUU YA KAMYO?

Sasa tufike kwetu. Hapa Tshangalele hatuna dekapotabli. Ziwa letu lilitokea wakati mto Lufira ulipozuiwa kule Mwadingusha, ambako kiwanda cha umeme kilianza kazi mwaka 1930. Na tangu zamani samaki wake wanakwenda kuuzwa Likasi. Kinachobeba samaki, makala, mahindi, mama na watoto, na sisi wanafunzi na masanduku yetu, ni kamyo. Nayo kamyo isiyofunikwa ni motokari ya wazi pia! Lakini kioo chake kinamkinga nani? Shofere tu, naye tayari ana paa la kabini. Sisi tuko juu ya mifuko, vifua vyetu viko juu kupita kabini. Sisi ni wale wa nyuma.

Je, mbio zitatusaidia? Tufanye hesabu tena. Safari ni kilometa 10. Mvua inaleta milimeta 24 kwa saa, matone yanashuka meta 6,5 kwa sekunde. Katika mvua ya namna hiyo, kila meta kibu moja ya hewa inabeba karibu gramu 1 ya maji.

Kifua: tuseme mbele ya mtu ni nusu ya meta mraba. Katika kilometa 10 mwili wake unapita katika meta kibu 5 000 za hewa. Ni kusema unakusanya gramu 5 000, yaani lita 5. Angalieni sana: katika hesabu hii mbio hazimo! Ukienda polepole, lita 5. Ukienda mbio, lita 5. Hewa ni ile ile, maji ni yale yale.

Kichwa na mabega: tuseme ni sehemu ya kumi ya meta mraba. Yanapata lita 2,4 kwa saa. Kamyo ikienda kilometa 30 kwa saa, safari ni dakika 20: lita 0,8. Ikienda kilometa 60 kwa saa, safari ni dakika 10: lita 0,4.

Jumla:
– kwa kilometa 30 kwa saa: lita 5,8;
– kwa kilometa 60 kwa saa: lita 5,4.

Faida ya kupiga kelele “Papa shofere, kanyaga!” ni lita 0,4. Ni kikombe kimoja kikubwa cha chai. Mtu aliyemwagiwa lita 5,4 hawezi kumwambia mama yake kwamba yeye ni mkavu. Wote wawili wamelowa mpaka mfupa.

8. BEI YA KIKOMBE KILE

Faida tumeiona. Sasa tuone bei yake.

Shofere akiona hatari, inapita karibu sekunde moja kabla ya mguu wake kukanyaga freni. Kisha freni zinafanya kazi, lakini ni njia inayolishika pine. Kaburimbo kavu inashika vizuri. Kaburimbo iliyolowa inashika nusu yake au zaidi kidogo. Kwa kaburimbo iliyolowa tunaweza kuhesabu hivi: mbio (meta kwa sekunde) mara mbio, gawanya kwa 7,8, kisha ongeza meta za ile sekunde ya kwanza.

– Kwa kilometa 30 kwa saa (meta 8,3 kwa sekunde): 9 + 8 = meta 17.
– Kwa kilometa 60 kwa saa (meta 16,7 kwa sekunde): 36 + 17 = meta 53.

Mbio mara mbili, lakini njia ya kusimama mara tatu. Mtoto akitokea meta 25 mbele ya kamyo, wa kilometa 30 atasimama na kumwambia “toka njiani”. Wa kilometa 60 hatasimama. Na hesabu hii ni ya kaburimbo, pine nzuri na freni nzuri. Juu ya njia ya udongo mwekundu, uliogeuka kuwa sabuni, na kamyo iliyojazwa mpaka juu, meta zinaongezeka tena.

Kuna hatari nyingine tatu ambazo macho hayazioni.

Mvua za kwanza: njia imekusanya vumbi na mafuta ya motokari wakati wote wa kiangazi. Mvua ikianza, vitu hivyo vinachanganyika na maji na kuteleza vibaya. Mvua ikinyesha sana, vinaoshwa. Basi dakika za kwanza, wakati kila mtu anataka kukimbia, ndizo za kuogopa.

Maji mengi juu ya kaburimbo: pine iliyokwisha meno haiwezi kuyatoa maji chini yake. Mbio zikizidi, tuseme kilometa 80 kwa saa na zaidi, pine inapanda juu ya maji kama mtumbwi. Usukani unazunguka, lakini motokari haisikii. Ndiyo sababu hata mwenye dekapotabli anajidanganya: mbio zinazomfanya awe mkavu ni karibu na zile zinazoondoa pine yake njiani.

Freni za namna ya ngoma: kamyo nyingi na motokari nyingi za zamani zinazo. Zikipita katika maji ya kina, maji yanaingia ndani na freni hazishiki mpaka zikauke.

9. RADI NA BARIDI

Motokari iliyofungwa yenye paa la chuma inawakinga watu na radi, si kwa sababu ya mapine kama wengi wanavyosema, bali kwa sababu umeme unapita katika chuma cha nje na kushuka chini bila kuingia ndani. Kofia ya kitambaa haifanyi kazi hiyo. Nyuma ya kamyo isiyo na paa nako hakuna kinga yoyote, na mtu aliyesimama juu ya mizigo ndiye kitu kirefu kupita vyote katika uwanda. Radi ikiwa karibu, kamyo isimame na watu waingie katika nyumba, lakini si chini ya mti ulio peke yake.

Baridi nayo si mchezo. Nguo iliyolowa pamoja na upepo inaondoa joto la mwili kwa haraka, na upepo wenyewe unaongezeka kamyo ikiongeza mbio. Mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake anaumia mbele ya wote. Basi yule anayelilia mbio ili asilowe anaongeza baridi yake mwenyewe na ya mtoto wa mwenzake.

10. TUFANYE NINI?

Tunawaomba wote watakaosafiri:

a) Kabla ya kupanda, ulizeni kama kamyo ina bashe. Bashe moja iliyofungwa vizuri inashinda mbio zote za dunia.

b) Kaeni chini, migongo ikiegemea kabini. Hapo kabini inafanya kazi ya kioo cha dekapotabli: matone mengi yanaruka juu yenu. Hiyo ndiyo sehemu ya fiziki inayotusaidia bila bei. Mahali hapo wapewe kwanza mama wenye watoto, wazee na wagonjwa.

c) Msikae pembeni wala kusimama juu ya mizigo.

d) Mtu asipige kabini kumwambia shofere aongeze mbio. Shofere mwenye kulala katika kitanda chake atawaleta nyumbani. Lakini kelele za watu ishirini zinaweza kumshinda hata mwenye akili.

e) Kama shofere mwenyewe anakimbia, yule mkubwa kati ya wanafunzi aseme kwa heshima. Mtu mzima hasikii matusi ya mtoto, lakini anasikia ombi. Mfano: “Papa shofere, tunakuomba, twende polepole. Sisi kulowa si kitu, tutakauka.” Sisi makapita ndio tunaotakiwa kutangulia kusema hivyo. Tusiwaachie wadogo.

f) Vitabu na daftari vifungwe katika plastiki tangu nyumbani. Ngozi ya mtu inakauka. Daftari halikauki sawasawa.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Kwa nini tone kubwa linaanguka mbio kupita tone dogo?
2. Matone yanashuka meta 8 kwa sekunde, motokari ya wazi inakwenda meta 16 kwa sekunde. Kutoka ukingo wa kioo mpaka kichwa ni sentimeta 50. Tone litashuka sentimeta ngapi? Sahauni upepo.
3. Kamyo inakwenda kilometa 45 kwa saa juu ya kaburimbo iliyolowa. Inahitaji meta ngapi ili isimame?
4. Rudieni hesabu ya sehemu ya 7 kwa safari ya kilometa 20. Je, kifua kinapata lita ngapi? Je, mbio zinaweza kupunguza lita hizo?
5. Mwenzako anasema: “Nimeona katika filimu, mtu wa dekapotabli hakulowa, basi kamyo nayo ikimbie.” Mjibu kwa mistari mitano, bila kumcheka.

Leteni majibu kwa kapita wa darasa lenu kabla ya siku ya kufunga. Wale watakaopata yote matano, majina yao yataandikwa katika gazeti letu litakalofuata. Na wale wote watakaofika nyumbani wamelowa lakini wazima, hao wamekwisha kulipata jibu kubwa kupita yote.

Kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho,
Kapita wa wanafunzi